Mwalimu Zefania na Nyumba ya Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Kunjeni miguu, nami niikunjue habari.

Hapo zamani, babu wa babu yangu akiwa bado ananyonya, palikuwa na kijiji mlimani. Akaja mtu mmoja kwa miguu, mrefu, mwembamba, kitabu kwapani. Jina lake Zefania. Alikuwa mwalimu wa dini, wa kwanza kufika kule.

Akahubiri mwaka wa kwanza. Hakuna aliyemfuata. Wa pili. Hakuna. Wa tatu. Hakuna! Watu walimsikiliza, wakampa viazi, wakarudi kulima.

"Mwalimu, maneno yako matamu," walimwambia. "Lakini ni maneno."

Basi ikaja ndui. Ndui, ndugu zangu! Iliingia nyumba hii, ikatoka na watu. Ikaingia ile, ikatoka na watu. Jumbe wa kijiji, Hoza, akaamuru pembe ipigwe. Puuu! Puuu!

"Mwenye ndui avushwe mto. Atakayemfuata asirudi!"

Wakavushwa. Wakaachwa kwenye vibanda vya majani, na mtungi mmoja wa maji. Siku ya nne ndui ikamshika Mama Nkinda, mama mzazi wa Jumbe. Hoza alilia, lakini amri ni amri. Mama naye akavushwa.

Asubuhi ile Zefania akatia jembe begani, akashuka mtoni.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Kwa wagonjwa."

"Una dawa?"

"Sina."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kuwapa maji."

Akaingia mtoni. Chubwi, chubwi, chubwi. Akavuka.

Huko akateka maji, akanywesha. Akapika uji, akalisha. Aliyekufa akamchimbia, akamzika. Teka, nywesha. Pika, lisha. Chimba, zika. Wanakijiji walisimama upande wao wakimtazama. Kisha mmoja akaacha kikapu cha mahindi juu ya jiwe katikati ya mto, akakimbia. Kesho yake vikapu vilikuwa vitatu.

Mama Nkinda akapona. Siku aliyosimama kwa miguu yake, siku hiyohiyo Zefania akaanguka. Homa, halafu malengelenge mwili mzima. Sasa Mama ndiye akateka, akanywesha. Akapika, akalisha.

"Niache, mama. Umechoka."

"Nyamaza, ule," Mama akamjibu.

Zefania alipona, lakini macho yake yote mawili yalipofuka.

Ndui ikaisha. Mama akamshika mkono mwalimu wake, wakashuka mtoni, na nyuma yao waliopona, watu kumi na tisa. Upande wa kijiji alikuwa amesimama Jumbe Hoza na watu wake wenye mikuki.

"Simameni hapo! Nilisema asirudi mtu!" Hoza akapaza sauti.

"Hoza!" Mama akaita. "Mimi nilikuzaa, ukanivusha nife peke yangu. Huyu sikumzaa, akanifuata. Mkuki wako ukimtaka, uanzie kwangu."

Mto tu, shwaaa. Mwenye mkuki wa kwanza akautupa majini. Wa pili akautupa. Ndipo Hoza akaingia mtoni na mavazi yake ya ujumbe, akapiga magoti, maji yakamfika kifuani.

"Mama, niliogopa."

"Najua, mwanangu. Inuka, maji ni baridi."

Hoza akamgeukia Zefania. "Mwalimu, nikupe nini? Ng'ombe? Shamba?"

"Nijengee nyumba ya mawe hapa ng'ambo. Na mgonjwa akiletwa, aje na mtu wake wa kumuuguza."

Kijiji kizima kikabeba mawe. Jumbe akabeba, bega likachubuka. Nyumba ikasimama. Humo Zefania aliuguza, na humo alifundisha dini, kipofu, akisoma kwa moyo aya alizozijua. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mama Nkinda. Wa pili, Hoza. Baada yao watu hawakuhesabika.

Nyumba ipo hadi leo, na kaburi la mwalimu liko ubavuni mwake. Watu hutoka mbali kuja kuzuru. Huvua viatu, hugusa ukuta, na wengine hulia bila kujua kwa nini. Na katika kijiji kile, mtu akiugua, jirani haulizi anaumwa nini. Huuliza, "Nani amekaa naye?" Kama hakuna, huchukua kigoda chake akaenda.

Ndugu zangu, dini husikika kwa masikio, lakini huaminika kwa mikono.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe.