Hodi ya Mwenye Nyumba

Mlango wa wengi, hata mwenyewe hupiga hodi. Mmeisikia leo kwa Bi Nakijwa alipowazuia kubadili programu, mkanuna, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Nakijwa alikuwa fundi wa programu za kompyuta mjini Same. Aliandika maktaba ya hesabu za dawa, yaani maagizo ya kompyuta yanayokaa mahali pamoja, programu nyingi za simu zikayatumia. Simu ilipeleka uzito wa mtoto kupitia mlango alioufungua Nakijwa, na kupitia mlango huohuo kikarudi kipimo cha dawa ya kutwa nzima. Simu ndiyo iliyokigawanya mara tatu: asubuhi, mchana na jioni. Wahudumu wa afya wa vijiji vya milimani waliutegemea mlango ule kuliko macho yao.

Siku moja akaona ni vyema maktaba yenyewe ifanye huo ugawaji. Wazo lilikuwa zuri, wala simlaumu kwa wazo. Akabadili, akajaribu kwenye mashine yake, hesabu ikatoka sawasawa. Akawaambia wenzake wa ofisini wakati wa chai, basi. Waliotengeneza programu za simu hakuwaambia neno, maana aliona maktaba ni yake, na mwenye nyumba haombi ruhusa kwake.

Simu zikaendelea kugawanya kilichokwisha kugawanywa. Huko milimani Niwaeli, mtoto wa miaka miwili, akashikwa na nimonia. Bi Mwasiti, mhudumu wa kijiji, akampimia dawa kama simu ilivyosema, kumbe ni theluthi tu ya iliyompasa. Siku ya nne mtoto akafariki, na kijiji kizima kikamnyooshea Bi Mwasiti kidole.

Bi Mwasiti akakilinganisha kipimo cha simu na vya zamani. Alifunga simu na daftari lake la zamani katika khanga, akashuka mpaka ofisini kwa Nakijwa, akabisha hodi. Nakijwa akamkaribisha na kumwamkia. Mama yule akafungua daftari penye mtoto wa uzito uleule aliyemtibu mwezi uliopita, akaiweka simu kando yake. Nakijwa akasoma namba zote mbili: ya simu ilikuwa theluthi ya ile ya daftari.

“Mimi nimepiga hodi hapa kwako, mwanangu,” Bi Mwasiti akasema. “Wewe uliingia kwangu ukahamisha vitu, hukubisha.”

“Niliona mlango ni wangu, mama.”

“Ulikuwa wako kabla hujatupatia. Sasa tunaupitia wengi.”

Nakijwa akaketi kwenye kompyuta yake. Kabla ya adhuhuri aliurudisha mlango wa zamani kama ulivyokuwa, na ule mpya akaufungua pembeni, kwa jina jingine. Akawapigia wenye programu zote, mmoja mmoja, akawaeleza kosa lake. Kisha akapanda mlimani na Bi Mwasiti, ili kijiji kisikie kwa kinywa chake kosa lilikuwa la nani.

Uani kwa wafiwa akabisha hodi. Hakujibiwa. Akabisha tena, akasimama juani, machozi yakimtoka. Kwa hodi ya tatu baba yake Niwaeli akatoka. Akawatazama wote wawili.

“Karibuni,” akasema.

Tangu hapo Nakijwa hagusi mlango wowote kabla ya kuwaita wote wanaoupitia, na kungoja waitikie. Hakuwaonea leo, wanangu. Mlango wa wengi, hata mwenyewe hupiga hodi.