Ua Lisilo na Jina kwenye Fomu

YAH: UOTAJI WA MIMEA ISIYOTAMBULIKA KATIKA ENEO LA MAKAZI.

Barua yenye kichwa hicho ilimfikia mjane mmoja, Bi Namkunda, aliyekuwa na bustani ndogo mlimani. Majirani walipanda mawaridi kwa mstari. Yeye aliyaacha maua ya porini yajiotee, yale ya rangi ya chungwa yanayozunguka shina kwa mafungu, moja juu ya jingine. Utotoni, walipotumwa kukata majani ya ng'ombe, yeye na dada yake waliyachomoa na kunyonya tone la utamu lililo kwenye kitako cha ua. Dada alikwisha kufa. Maua ya kando ya njia nayo yalikwisha kufyekwa, maana kijiji kilikuwa kinawania kombe la usafi. Yalibaki ya bustani hiyo tu.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Mshana, ofisa mazingira, na fomu yake. Nyuma yake alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa uzito wa shughuli alibeba fyekeo mwenyewe.

"Mama, haya ni magugu," alisema mwenyekiti. "Hata mbuzi wanakushangaa."

"Mbuzi hawajaniandikia barua, baba."

Fomu ilitaka, kabla ya kufyeka, jina la mmea na kielelezo chake. Jina hakuna aliyelijua. Ofisa akachomoa ua moja, taratibu, kwa ncha za vidole, lisikatike kitako. Akaliinua alikague. Mkono ukapitiliza hadi mdomoni, haukungoja kibali. Akanyonya, akafumba macho.

"Bwana ofisa, si ndicho kielelezo hicho?" aliuliza mwenyekiti.

Ofisa akachomoa la pili, nalo likaenda njia ileile. La tatu akampa mwenyekiti, naye ikambidi alaze fyekeo chini apate mkono wa kulipokelea. Bi Namkunda aliwatazama. Tangu msiba wa dada yake hakuwa amemwona mtu mwingine akifanya hivyo.

Ndugu zangu, mtu huweza kusahau jina la utamu uliomlea, ulimi wake usisahau.

Taarifa iliyopelekwa wilayani ilisema kazi imeahirishwa kwa kukosekana kwa kielelezo. Kilichotokea ni kwamba ofisa aliomba mbegu, akapewa, akazifunga kwenye leso na kwenda kuzipanda kwake.