Jiwe la Kiangi

Mtu mmoja alikuwa na jina la baba yake, na hakuwa na nguvu za kulitamka. Hakuwa bubu. Kijijini kwao, huko milimani, palikuwa na jiwe jeusi kando ya bwawa la kumwagilia mashamba, na kila mwaka maharage yakishavunwa watu walikusanyika hapo. Mwenye kuweza alilikumbatia lile jiwe, akaliinua mpaka kiunoni, akasimama wima, kisha akataja jina moja la marehemu wake. Kijiji kizima kiliitika: "Yupo!" Asiyeweza alirudi nyumbani na jina lake mdomoni. Jina lisiloitwa pale halikufutwa, la. Lilibaki kuwa la nyumba moja tu, likitajwa jikoni kwa sauti ndogo.

Mtu huyo aliitwa Mrutu, na baba yake alikuwa Kiangi. Kiangi alifariki wakati wa masika, akazikwa kwenye udongo uliolowa, na tangu siku ile Mrutu hakupata raha. Mzee alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kuingia ndani, ili walio ndani wajue ni yeye. Jioni nyingi Mrutu alikisikia kile kikohozi, akageuka, na mlangoni hapakuwa na mtu. Alimtamani baba yake mpaka chakula kikawa hakina ladha. Akasema moyoni kwamba akisikia watu wote, wakubwa kwa wadogo, wakimwitikia Kiangi hata mara moja tu, moyo wake utatulia. Mwaka wa kwanza akajaribu. Jiwe liliinuka kidogo, hewa ikapita chini yake, likarudi. Watu wakaangalia pembeni kwa adabu. Adabu ya namna hiyo, ndugu zangu, inauma kuliko kuchekwa.

Basi akatafuta jiwe la mtoni lenye uzito unaokaribiana na lile, akaliviringisha mpaka nyuma ya nyumba, akaanza kujizoeza. Aliliinua kila alfajiri kabla ya kwenda shamba. Mwanzoni mwili ulikubali: mgongo ukapanuka, mikono ikawa migumu, majirani wakamsifu. Kisha nguvu zikasimama pale pale. Mwenye busara angejiuliza kwa nini. Mrutu hakujiuliza, aliongeza. Akaliinua alfajiri na jioni, siku zote saba za juma, mvua ikinyesha, homa ikimpanda. Siku ya harusi ya binamu yake aliwaacha watu wanakula pilau, akaenda kuinua jiwe. Mke wake, Nakijwa, alimwekea sahani mpaka ikapoa, akaifunika.

Msimcheke. Sababu yake ilikuwa hii, na wengine mliokaa hapa mnaijua: aliamini kwamba siku asiyoligusa jiwe ni siku aliyomsahau baba yake.

Alikuwa na jirani, Semboja, aliyejizoeza kwa ajili ya dada yake Namsifu, ambaye alifariki akijifungua. Semboja aliinua jiwe lake siku tatu kwa juma, na msimu wa kulima siku mbili. Siku zilizobaki alifanya kazi zake kama watu wengine, na jua likiwa kali alijinyoosha barazani kwenye mkeka, akikoroma bila haya. Mrutu alipita njiani na viganja vyake vilivyochubuka, akamtazama, akasema moyoni: huyu alimpenda dada yake nusu nusu. Ni rahisi kuupima msiba wa jirani. Kipimo tunakichukua nyumbani kwetu, wala hatumwulizi mwenyewe.

Mwaka wa pili ukafika. Semboja akalikumbatia jiwe, akasimama wima, akaita, "Namsifu!" Kijiji kikaitika. Mwanamume yule mkoromaji alilia mbele za watu, na jiwe bado liko mikononi mwake. Kisha ikawa zamu ya Mrutu. Mwaka uliotangulia hewa ilikuwa imepita chini ya jiwe. Mwaka huu, baada ya jasho lote lile, halikutikisika. Alivuta tena. Kamba hukatikia pabovu: kiuno kikamwachia, akaanguka magotini. Watu wawili wakamwinua, na mmoja wao alikuwa Semboja.

Asubuhi yake Mrutu aliamka akiwa hawezi kunyooka, na bado alijikokota mpaka nyuma ya nyumba. Akamkuta mama yake, mjane wa Kiangi. Mama huyo hakuwa msemaji. Alikuwa amelifunika jiwe kwa kitenge chake cha zamani, na yeye mwenyewe ameketi juu yake. Mrutu akamsihi aondoke. Akamwambia kwamba jana ameshindwa, na leo akilala baba atakuwa amekufa mara ya pili. Ndipo mama akasema neno lile ambalo Mrutu hakulisahau maishani:

"Mwanangu, mimi nililala na baba yako kitanda kimoja tangu nikiwa msichana, na usiku bado napata usingizi. Kwani nimemsahau?"

Mrutu alikaa chini kwenye vumbi, miguuni pa mama yake, akalia kama alivyopaswa kulia siku ya maziko. Siku ile, kwenye maziko, alikuwa ameshika chepeo, na mwenye chepeo hapati nafasi ya kulia.

Tangu hapo mama ndiye aliyeshika kitenge. Alingoja kwanza kiuno cha mwanawe kipone. Kisha akawa anafunua jiwe Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Siku nyingine lilibaki limefunikwa, kama chungu cha togwa kinavyoachwa pembeni kiive, na hakuna anayekwenda kukichungulia.

Siku za kitenge zilimshinda Mrutu kuliko siku za jiwe. Jioni ya kwanza alitoka shamba akakaa kizingitini, mikono haina kazi, na hamu aliyokuwa akiikimbia ikamkuta hapo. Ikamkalia kifuani. Alitaka kuinuka aikimbie tena. Lakini hakukuwa na pa kwenda, akabaki, na baada ya kitambo akamwona baba yake. Alimwona mchana wa jua kali, amelichomeka jembe ardhini, amelala chini ya migomba, kofia imefunika uso. Ukimwita hakuitika; aliinua kidole gumba cha mguu ujue kwamba amesikia, kisha akaendelea kulala. Mrutu akacheka peke yake, na machozi yakafuata kicheko. Muda wote ule alimwinulia baba yake jiwe, na hakuwa ameuona uso wake hata siku moja. Mtu aliyemtamani alikuwa hodari wa kulima, na alikuwa hodari wa kupumzika. Mrutu alikuwa amekumbuka nusu yake tu.

Na mwili nao ukafanya kazi yake. Maana siku ya jiwe nyama za mwili huchanika, na siku ya mkeka hushonwa. Sisi tunaona kuchanika, tunakuita juhudi, na mshonaji tunamwita mvivu. Mrutu alikula sahani ya Nakijwa ikiwa bado ya moto. Alilala. Jumatatu alipolikumbatia jiwe alilikuta limepungua uzito, naye akadhani mama yake amelibadilisha.

Mwaka wa tatu maharage yakavunwa, watu wakakusanyika bwawani siku ya Jumamosi. Mrutu aliinama, akalizungushia mikono, akavuta pumzi. Jiwe likapita magoti, likapita mapaja. Akasimama wima. Alikuwa ameliandaa lile jina kwa sauti kubwa, lakini lilitoka likitetemeka, kama mtoto anayeita gizani: "Kiangi!"

"Yupo!" kijiji kikaitika, milima ikarudisha.

Kisha, watu walipokwisha kunyamaza, upande wa akina mama sauti moja ikaitika peke yake, imechelewa, taratibu. "Yupo." Mrutu akaijua. Akalitua jiwe polepole, wala hakulitupa.

Je, moyo wake ulitulia, kama alivyokuwa amejiahidi? Haukutulia, ndugu zangu, na sitawadanganya. Jioni ile alisikia kikohozi, akageuka, na mlangoni hapakuwa na mtu. Ila safari hii hakuinuka kwenda nyuma ya nyumba. Alisema, "Karibu, baba," akala chakula chake. Kesho yake ilikuwa Jumapili, jiwe limefunikwa kitenge, naye akalala mpaka jua likapanda.

Nanyi mliobeba jiwe lenu juzi, mkalibeba jana, na leo mmekuja nalo mpaka humu ndani: ni nani aliyewaambia kwamba mtu akilitua, amesahau?