Kiswahili cha Umwali

Anayemchimbia mwenzake shimo husahau jambo moja: aliye karibu na ukingo ni yeye mwenye jembe. Ndiyo maana wahenga wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Anayebisha na amwulize Bulonza, anayekaa Gahanna, kule Columbus, Ohio. Ila amwulize taratibu, maana kidonda bado kibichi.

Bulonza alikuwa mwanamke mchapakazi. Alifunga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege, na kanisani sauti yake ilikuwa ikitetemesha madirisha. Tatizo lake lilikuwa televisheni. Ndani ya televisheni alikuwamo Umwali, waliyeishi naye katika kambi ya wakimbizi Burundi kabla ya kuletwa Marekani.

Msidhani Umwali alikuwa nyota. Alipofika Louisville alipata kazi ya kuwahudumia wazee katika makao yao. Siku moja wakaja watu wa filamu, wakamwomba apite mbele ya kamera akisukuma kiti cha magurudumu. Alikisukuma kwa huruma hata mwongozaji akasimamisha kazi kuuliza jina lake. Tangu hapo hakupumzika. Leo muuguzi, kesho mfagiaji wa mahakama, keshokutwa jirani aliyesikia risasi. Alisema sentensi mbili, akalia kidogo, akatoka. Wamarekani hawakulijua jina lake, lakini wakikutana naye dukani walimkodolea macho, wakidhani waliwahi kuishi naye mtaa mmoja. Baadaye alihamia mji wa Buffalo, akapata nyumba kuukuu mtaa wa Black Rock, na kazi zikazidi kumfuata.

Ee, wivu una meno jamani! Kila Umwali alipotokea kwenye kioo, Bulonza alihisi kama amemeza pilipili nzima.

"Kambini miye njo nilikuwa malkia mu michezo ya kanisa," alimwambia mumewe, Leopoldi. "Yeye alikuwa anashika rido tu! Mushika pazia, leo anaitwa mwigizaji!"

"Bon, zima basi televizio," Leopoldi akamjibu huku akicheka. "Hii wivu itakutoboa tumbo, mama."

"Sizimi! Nataka nione vile anakosea."

Umwali hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma Bulonza kupita yote. Usiku alijigeuza kitandani akijiuliza Mungu alimpa nini Umwali alichomnyima yeye. Alitamani mno, walau mara moja tu, naye asimame mbele ya kamera. Tamaa hiyo hakumwambia mtu.

Jumamosi moja, Bulonza akipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, simu ililia. Alikuwa bibi mmoja kutoka studio ya Buffalo. Alieleza kwa Kiingereza kwamba wanatayarisha tamthilia ya familia iliyotoka Kivu Kusini, na kwamba wanataka isemwe kwa lugha ya huko hasa.

"Umwali ametuambia hakuna anayekijua Kiswahili cha kwenu kukushinda," alisema. "Tafadhali sikiliza, kisha utuambie kama ndivyo watu wenu wanavyosema."

Akamsikilizisha sauti iliyorekodiwa. Ilikuwa ya Umwali: "Mutoto yangu, kuya tukule, chakula iko inapoa."

Bulonza alijua wazi kwamba ndivyo hasa. Yeye mwenyewe alikuwa amemwita mwanawe vilevile asubuhi ile. Lakini wivu ulimpanda kooni, ukasema badala yake.

"Hapana. Hicho si Kiswahili," alijibu. "Ni kibovu. Mtu wa Tanzania akikisikia atavunjika mbavu."

"Lakini tulidhani watu wa kwenu..."

"Watu wa kwetu wote wanaongea hivyo hivyo, kibovu," Bulonza akakoleza chumvi. "Wote. Mtachekwa."

Bibi yule akashukuru, akakata simu. Bulonza alirudi kwenye sufuria akiimba pambio. Siku zile alilala usingizi wa pono.

Wiki iliyofuata, Bulonza akiwa tena jikoni na sombe yake, Umwali alimpigia simu.

"Bulonza, dada yangu, ile kazi imetuponyoka. Banasema Swahili yetu iko mubovu. Bameita watu ya Dar es Salaam."

"Ooh, pole sana, dada!" Sauti ya Bulonza ilijaa huruma, na moyo wake ukacheza ngoma.

"Miye si kitu. Yangu ilikuwa kidogo tu, nakufa mwanzo mwanzo ya mchezo, na juma ijayo naenda kucheza muuguzi tena. Yenye inaniuma ni yako."

"Yangu? Yangu gani?"

"Nafasi ya dada mukubwa, mwenye anaongea toka mwanzo mpaka mwisho. Nilibaambia iko mama moja Columbus, bamusikilize kwanza. Ule bibi alipokupigia, donc, alikuwa anapima sauti yako. Sikukuambia, niliogopa utaingiwa na woga."

Bulonza alikaa chini papo hapo jikoni.

"Tena nashangaa," Umwali akaendelea, na sasa alikuwa akilia kilio cha kweli, si cha kamera. "Miye nilishuka mu milima na luga ya Kinyamulenge tu. Hii Swahili yote, neno kwa neno, ni weye ulinifundisha. Sasa ni nani anaweza kusema iko mubovu?"

Bulonza alikata simu bila kuaga. Leopoldi alimkuta sakafuni, sombe ikiungua, akamuuliza kuna msiba gani. Angemwambia nini? Kwamba ile nafasi aliyoililia usiku na mchana ilimpigia simu hadi jikoni kwake, naye akaifukuza kwa ulimi wake mwenyewe? Alimchimbia Umwali, na Umwali akapita pembeni akaenda zake kazini. Aliyebaki chini ni mwenye jembe. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.