Twiga Alivyopanga Mji Bila Kumuuliza Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Nimewasikia watoto peke yao. Nyinyi wakubwa mmemeza ulimi pamoja na muhogo? Tena, paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wengi. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mitaa yao na barabara zao, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Vumbini. Mji mdogo, lakini wageni hawakuisha. Leo kahamia Nguruwe na watoto tisa, kesho kahamia Nungunungu na mama mkwe wake. Njia zikajaa. Foleni ya kisimani ikawa ndefu, hata wa mwisho anasahau alifuata nini.

Katika mji huo alikaa Bi Fuko. Mnamjua fuko? Mdogo, mweusi, macho yake ni jina tu. Lakini mikono anayo. Kwa mikono hiyo Bi Fuko alijichimbia nyumba chini ya uwanja uliokuwa katikati ya mji. Nyumba ilikuwa na sebule, ilikuwa na ghala la viazi, na ndani kabisa ilikuwa na chumba cha watoto. Humo walilala wanawe watatu, waliozaliwa juzijuzi tu, bado wekundu, hawajaota manyoya. Bi Fuko aliipenda nyumba yake. Kila asubuhi aliifagia kwa tumbo, huku akiimba.

Mwenyekiti wa mji alikuwa Mama Tembo, mzito wa mwili na mzito wa kukasirika. Siku moja akasema mji haujengwi kwa kubahatisha. Sharti upangwe, tena upangwe kwa miaka thelathini ijayo. Kazi ya kuchora akampa Bwana Twiga, kwa kuwa ndiye aliyeona mbali kuliko wote. Akampa na sharti moja: wenyeji waulizwe kwanza.

Twiga akainua shingo. Akatazama mashariki, akatazama magharibi. Akaona mapaa, akaona viota, akaona uwanja wa katikati, mweupe, mtupu, hauna hata kibanda. Akafurahi moyoni. Papo hapo uwanjani akachora soko kubwa, na msingi wake uende chini, chini sana.

Kisha akalikumbuka lile sharti. Akaandika tangazo: mwenye neno kuhusu mpango wa mji, aje Ijumaa. Akalibandika mtini, mahali pazuri, usawa wa macho.

Usawa wa macho ya nani, jamani? Ya Twiga.

Ijumaa ikafika. Twiga akakaa, akangoja. Wakaja binamu zake wawili, wakausifu mchoro, wakala majani, wakaenda zao. Twiga akamwarifu Mwenyekiti kwamba wenyeji wameulizwa na hakuna aliyepinga. Tusimsingizie, hakudanganya. Aliamini kweli kwamba wasiokuja wameridhika.

Jumatatu kazi ikaanza. Vifaru wanne wakaja kuvunja ardhi. Du. Du. Du.

Kule chini Bi Fuko alikuwa akinyonyesha. Du ya kwanza, udongo ukamwagika kichwani. Du ya pili, ghala likaporomoka, viazi vikaenda bingiri bingiri. Du ya tatu, dari ya chumba cha watoto ikapasuka. Bi Fuko akawafunika wanawe kwa kifua. Aliogopa, aliogopa sana. Kisha hofu ikamtoka, ikaingia hasira. Akamwita jirani yake Panya awashike watoto. Akachimba kwenda juu, kwara kwara kwara, akatokeza katikati ya miguu ya Kifaru.

"Nani kawatuma?" akauliza.

Kifaru akajibu kuwa wametumwa na mpango. Bi Fuko akasema basi apelekwe kwa huyo Mpango, wazungumze. Wakampeleka kwa Mama Tembo, na Bwana Twiga akaitwa.

Bi Fuko akaamkia kwanza, maana hasira haiondoi adabu. Kisha akaeleza habari ya ghala, na ya dari, na ya watoto. Twiga akashangaa kwelikweli.

"Lakini, Bi Fuko, tangazo lilikuwepo wiki nzima."

"Lilikuwepo wapi, Bwana Twiga?"

"Pale mtini, usawa wa macho."

Bi Fuko akageuza uso huku, akageuza huko. "Mti upi?"

Wote waliokuwepo wakacheka. Nguchiro akatumwa kuangalia. Akapanda, akapanda, akapanda, akarudi akihema, akasema tangazo lipo na mwandiko wake ni mzuri sana. Mama Tembo hakucheka. Aliona haya mpaka masikio yakamlegea, kwa sababu muhuri uliopigwa kwenye mpango ule ulikuwa unyayo wake mwenyewe.

Twiga akajitetea. Akasema mji una vinywa vingi, ukimuuliza kila mmoja hutajenga hata choo. Akasema yeye huona yote kutoka kule juu.

"Unaona mapaa," Bi Fuko akasema. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njoo uwanjani uiname, baba, usikilize ninapolala mimi."

Wakaenda uwanjani. Twiga hakuzoea kuinama. Akatanua miguu ya mbele, mmoja kulia, mmoja kushoto. Akatetemeka. Shingo ikashuka, ikashuka, ikashuka, mpaka sikio likagusa vumbi. Akasikiliza. Kwanza akasikia nyii, nyii, nyii: watoto watatu wanamlilia mama yao. Kisha akasikia panya wakigombana, siafu wakipita na mizigo, kakakuona akikoroma. Na chini ya hao wote akasikia shwaa, shwaa, shwaa.

"Ni nini kinachopita huko?"

"Maji," Bi Fuko akasema. "Kuna mto huku chini. Masika hupanda hadi kizingitini kwangu. Ungejenga soko hapa, masika ya kwanza lingezama pamoja na wachuuzi wake."

Twiga alipoinua kichwa, uso ulikuwa umejaa vumbi na macho yamejaa machozi. "Nisamehe, mama," akasema. "Sikujua kuna mji chini ya mji."

Basi Mama Tembo akaufuta mchoro kwa mkonga wake, fyuu. Akaamuru uchorwe upya mchangani, palepale uwanjani, kwa siku saba, na kila mkaazi aje achore kwa kiungo alichonacho.

Zilikuwa siku za raha. Nungunungu alichora kwa mwiba, Kenge kwa mkia, Konokono kwa ute, na ute ulipokauka ukawa barabara ya kung'aa kuliko zote. Walibishana, siwafichi. Chura alitaka dimbwi kila mtaa. Fisi alitaka bucha liwe ubavuni mwa nyumba yake, akakataliwa kwa kauli moja. Kobe aliomba vituo vya kupumzikia njiani, wala hakuambiwa asubiri, ingawa kwake miaka thelathini ni kesho kutwa. Na Kumbikumbi, ambaye hupewa siku moja tu ya kuruka, alichora bustani kubwa yenye miti. Wakamuuliza ya nini, naye hataiona.

"Wajukuu zangu wataiona," akasema.

 Hapo wote wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka.

Na Twiga je? Twiga alishinda ameinama siku zote saba, akiunganisha mistari ya wenziwe. Soko likapelekwa ukingoni mwa mji, juu ya mwamba. Vikachimbwa visima vitatu, pale Bi Fuko alipoonyesha kwa pua. Uwanja ukaachwa uwanja. Siku soko lilipofunguliwa, ngoma ilipigwa kule mwambani, ndu ndu ndu, ikachezwa kutwa, na chini ya uwanja haikudondoka hata chembe moja ya udongo. Watoto watatu walilala fofofo. Mama yao alikuwa ngomani, akicheza katikati ya miguu ya Twiga, na Twiga akicheza kwa uangalifu mkubwa.

Hata leo, ukimwona twiga penye maji ametanua miguu na kuishusha shingo, watakwambia anakunywa. Anakunywa, ndiyo. Lakini kabla ya kunywa hutega sikio kwanza, akabisha hodi kwa walio chini, akawauliza, "Wenyewe mnasemaje?"

Funzo lake ni hili: mji ni wa wote wakaao ndani yake, basi usiwapangie wenzio kesho yao kabla hujawauliza. Na ukiwauliza, wafuate mahali walipo.

Hadithi yangu imefika mwisho wake, imelala hapo. Aliyesinzia amuulize jirani yake.