Herufi Kubwa Haisikiki

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, mama mmoja, mzee wa kanisa, alinunua tikiti ya tamasha la hevi metali. Hakuwa amepotea njia. Alikuwa ametumwa.

Hevi metali, ndugu zangu, ni ule muziki wa magitaa ya umeme ambao mwimbaji huunguruma zaidi ya anavyoimba. Vijana wa ushirika wake walikuwa wakiupiga katika ibada ya vijana, na wazee wakavumilia. Kisha redio za mjini, ambazo hazina habari na dini, zikaanza kuucheza wimbo wao mmoja, na kumbi zikawaita. Hapo baraza la wazee likashtuka. Kiitikio kilisema, "Wewe hukuniacha shimoni." Wewe nani? Vijana walijitetea kwamba wao huliandika neno hilo kwa W kubwa, yaani Mungu. Mzee mmoja akataka kujua kama herufi kubwa inasikika. Ikaamuliwa mama huyu aende akasikilize. Wasipomtaja Yesu kwa jina, watengwe.

Vijana hao aliwafundisha yeye mwenyewe shule ya Jumapili. Hakutaka wahukumiwe kwa uvumi. Lakini alijua masikio yake hayawezi kelele, kwa hiyo akayatia pamba.

Ukumbini watu walivaa nyeusi kama waliofiwa. Jamaa mmoja mwenye pete puani akamwuliza, "Mathe, umekuja kumchukua mtoto?" Akajibu kwamba amekuja kusikiliza.

"Na pamba hiyo?"

Waliokuwa karibu wakacheka, naye akacheka. Pamba akaiacha palepale.

Wimbo ule ulipoanza, ukumbi mzima uliitikia. Binti aliyesimama kando yake aliimba kila neno huku analia. Mama akachomoa pamba ya sikio moja, akamwuliza anamwimbia nani.

"Sijui, mama. Huwa namfikiria dada yangu aliyenilea, lakini yeye alishakufa. Huyu wanayemwimba ni kama yuko hai." Binti akamsogelea. "Wewe unawafahamu hawa. Nimekuona ukiwapungia mkono. Huyo ambaye hakuwaacha ni nani?"

Mama akatazama jukwaani. Alitaka kusikia kama wao watalitaja Jina.

"Ngoja tuwasikilize," akasema.

Wimbo ukaisha. Watu wakasukumana kwenda mbele, na binti akaenda nao.

Jumanne mama alitoa ripoti. Jina halikutajwa. Na kwa kuwa ni mtu mkweli, akaeleza na habari za binti. Mchungaji akamwuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia angoje."

"Amngoje nani?"



Sasa sisi. Tumekaa tukibishana kama wimbo ukitoka kanisani ukaingia redioni unabaki na Bwana wake. Ni swali zuri, na sina jibu lake. Lakini binti yule hakuwauliza wapiga gitaa. Alimwuliza mmoja wetu. Wimbo ulikuwa umemfikisha hadi kwenye swali, na sisi tulikuwa pale, tumesimama kando yake, pamba bado sikioni. Mwaka huu ni wangapi wametuuliza, ofisini, sokoni, kwenye foleni ya hospitali, tukawaambia wangoje? Na tulikuwa tunamsubiri nani aseme?

Baraza limeahirisha shauri la vijana. Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, mama yule alinunua tikiti nyingine. Mlinzi wa mlangoni anasema hakuwa na pamba.