Kifaru Alivyovaa Pete ya Moto

Paukwa!
Pakawa!
Mmeshiba?
Tumeshiba!
Basi tulieni, niwaambie habari za waliolala na njaa.

Wanyama wa mtoni kinu chao cha maji kilikuwa hakisagi. Kilikosa pete ya chuma ya kuvaa kwenye mhimili wa gurudumu, na mhunzi alikuwa mmoja tu, Bwana Kifaru. Kifaru akifua, gong'! gong'! Pete ikitoka motoni ingali nyekundu, anaijaribu kwenye kipande cha mhimili. Inaingia! "Leteni ujira wangu, kapu la mahindi." Ikifika kinuni imepoa, haiingii. Wakilalamika anafoka, "Inaingia! Nimepima mwenyewe!" Vifaranga wa Mama Kware wakabaki kudonoa mahindi makavu mpaka midomo ikawauma.

Bi Nyenje, mdogo kama kokwa ya tende, akachoka. Akaichukua pete ya mwisho, akailaza kutwa nzima juu ya jiwe bapa, pangoni penye ubaridi. Ilipopoa, akaanzia kwenye kona ya jiwe, pale pale kila mara. Akagusa pete kwa kipapasio, tik! Akahesabu hatua ngapi mbele, ngapi kando, ngapi juu. Akatia alama ukutani. Akagusa tena, tik! Mara arobaini, tik! Kisha akalinganisha alama zake na duara la mhimili alilolichora kabla.

"Ingepungua unywele mmoja ningekusamehe," akamwambia Kifaru mbele ya kijiji kizima. "Hii imepungua nywele saba. Unapima chuma cha moto, mzee. Kikipoa kinanywea."

Kifaru akacheka mpaka vumbi likatimka. "We kidudu! Chuma ni chuma, cha moto, cha baridi. Rudia nikukanyage!"

Nyenje akainama kwa adabu. "Basi ichome, mzee, uivae kwenye pembe yako. Ikipoa uivue. Ikivuka, nikanyage, na mavuno yote yawe yako."

Mavuno yote! Kifaru hakungoja. Akaichoma, akaivaa, swaa! Ikashuka mpaka shinani. Nyenje akaita, "Maji!" Chwaaa!

"Haya, vua."

Kifaru akavuta. Wapi! Akasugua mtini. Wapi! Macho yakamtoka pima.

"Nisaidieni! Itieni moto!"

"Moto wa nini, mzee? Si chuma ni chuma?"

"Moto unaitanua, jamani! Ikipoa inanywea! Nilijua tangu zamani!"

Kijiji kizima kikasikia. Vigelegele! Kifaru akapiga magoti, pembe ndani ya tanuri lake mwenyewe, na Mama Kware akavukuta moto, polepole, makusudi, mpaka pete ikatoka. Tangu siku hiyo hakuna pete iliyotoka bila kulala kwanza kwenye jiwe la Nyenje. Kinu kikanguruma, unga ukamwagika, vifaranga wakanywa uji mpaka wakasinzia.

Funzo, wanangu: msipime kitu. Mkubwa akisema kinaingia, aminini tu, hasa akiwa na pembe.

Ngano yangu imepoa. Mwenye kipapasio aiguse, asiye nacho akalale.